Nililala Kwenye Kesha

Nilikuja kukutafuta, Bwana,
na vidole vina matundu ya sindano.
Tangu saa moja asubuhi nashona zipu kule Changamwe,
suruali za watu nisiowajua,
mia nne na themanini kabla ya king'ora,
na msimamizi apita nyuma yangu akihesabu
hata mgongo wangu wajua sauti ya viatu vyake.

Nilidhani nawe wahesabu hivyo.

Nilifika Bombolulu saa tatu usiku, sijatakata.
Bomba la ploti yetu limekauka wiki ya pili,
na kisima kina maji ya chumvi:
sabuni haitoi povu, unajimwagia, unajimwagia,
ukijilamba mdomo bado ni bahari.
Kiu yangu kwako ni ya namna hiyo.

Nilikuwa na karatasi.
Karo ya Mkawasi. Mguu wa mama. Kodi, miezi miwili.
Chini yake niliacha nafasi tupu
kwa lile jambo nisilojua kuliandika.
Lilianza Mgange, nikiwa darasa la tatu:
ukungu uliingia kwa dirisha lisilo kioo
ukafunika ubao, ukamfunika mwalimu,
nami nikahisi mtu amesimama karibu yangu, kimya,
wala sikuogopa.
Nikanyoosha mkono. Ukungu ukaondoka,
tukaendelea na hesabu za kugawanya.
Mombasa haina ukungu.
Miaka ishirini na sita naunyoosha mkono ule ule
katika jua na jasho.

"Asisinzie mtu usiku huu," alisema mchungaji Mwandoe,
"Mungu hatafutwi na mlegevu."
Basi nilipiga makofi. Nilisimama, nilipiga magoti,
nililia kidogo, nikajipeleleza kama ninalia kweli.
Nilikuita kwa majina yote niliyofundishwa
kama mtu abishaye hodi
huku amesahau ni nyumba ipi.

Saa saba na nusu stima ikapotea.
Mapangaboi yalizunguka polepole, polepole, yakakoma.
Kinanda kikafa katikati ya neno.
Gizani sauti za watu zikashuka, zikawa za kawaida,
kama za ndugu wanaozungumza jikoni.
Nikaweka kichwa juu ya benchi nipumzishe jicho moja.
La pili likamfuata mwenzake.

Kunguru ndio walioniamsha.
Juu yangu palikuwa na leso,
nyekundu, ya zamani, yanukia moshi na tui la nazi,
imechomekwa vizuri chini ya miguu,
vile mtoto anavyofunikwa na mtu asiyetaka aamke.
Maandishi yalinijia kichwa chini, nikayasoma taratibu:
NILIPOKUPA SIKUHESABU.

Najua. Ni maneno ya kiwandani tu,
mtu kama mimi aliyapiga chapa akiwa amechoka,
na mwenyewe labda aliipendea rangi, mtaa wa Biashara.
Lakini nililia, na safari hii sikujipeleleza.

Nikauliza, ya nani?
Mama Shighadi akasema si yake.
Nyevu akacheka: "Wewe! Umekoroma zaburi nzima."
Karatasi yangu ilikuwa imelowa mate,
kodi haisomeki.

Sikukesha nawe hata saa moja.
Aliyekesha ni wewe.
Sikukufikia, Bwana; nilianguka njiani,
na pale nilipoanguka palikuwa mapajani mwako.

Leo zipu ziko pale pale.
Msimamizi ana viatu vipya, vinalia zaidi.
Leso haijapata mwenyewe;
nimeifua kwa maji ya kisima, imekakamaa kidogo.
Usiku joto likiniamsha
naipapasa pindo lake, nauliza, Upo?
Sisikii kitu.
Nageukia ukutani, nalala tena.